Kwenda Sollefteå Kununua Pikapu Kuukuu

Tangu nirudi sina raha. Nikifika kanisani, "Mueni, ni kweli breki zilikufa?" Nikienda dukani Tensta kununua unga, mwenye duka ananizuia na chenji yangu mkononi hadi nimweleze. Kila mmoja amesikia kipande chake, na vipande vingine nimevisikia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo naandika yote mara moja, msome, kisha mniache ninywe chai yangu kwa amani. Mambo ya tiketi, benki na usajili nayaruka. Hayo yalikwenda sawa, na kitu kilichokwenda sawa hakina hadithi.

Sundbyberg, kabla ya kutoka

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni dereva wa basi niliyeacha basi, nakaa Sundbyberg hapa Stockholm. Mwenzangu katika kazi ni Papa Bahati, fundi wa magari kutoka Bukavu, anayekaa Tensta, naye aliacha gereji aliyoizoea. Tuliacha kwa sababu tulipata kazi ya kuondoa theluji kwenye nyumba za ushirika kule Vårby gård: maegesho, njia za miguu, na mbele ya milango yote ya kuingilia maghorofani. Theluji ya kwanza ya msimu, gari letu likafa barabarani hata kabla hatujafika. Asubuhi ile mama mmoja aliteleza mbele ya mlango wake akavunjika mkono.

Mwenyekiti wa zile nyumba anaitwa Birgitta. Hajawahi kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha. Aliniambia kwamba theluji ijayo ikikuta njia haziko wazi kabla watu hawajatoka kwenda kazini, kazi atapewa mwingine. Nikasema nimeelewa. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Utabiri ulisema theluji kubwa itaanguka Stockholm kuamkia Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa mnaniuliza kwa nini pikapu kuukuu, na kwa nini mbali kule. Pikapu mpya hatuziwezi, na hata tungeziweza, Papa Bahati hazitaki. Anasema dizeli za siku hizi zina vichujio vya moshi vinavyoziba ukifanya safari fupi fupi, na kazi ya theluji ni safari fupi fupi tupu: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alitaka injini ya zamani, ya kelele, yenye gia nzito ya chini na chasi nene inayoweza kuvuta trela bila kulalamika. Lakini pikapu za zamani za huku Stockholm zimeliwa na chumvi. Barabara zetu zinamwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na chumvi inakula chuma kimya kimya, hadi siku moja unagonga chasi kwa nyundo na nyundo inaingia ndani. Kule kaskazini, bara, baridi ni kali mno hata chumvi haiyeyushi kitu, kwa hiyo wanamwaga mchanga. Ukitaka mzee mwenye mifupa mizima, umfuate kaskazini.

Tukampata mzee anayeitwa Bengt, nje ya Sollefteå. Alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo ya theluji maisha yake, sasa magoti yamechoka, na anauza vyote pamoja: pikapu, jembe la chuma la kusukumia theluji, na trela yenye trekta ndogo ya njia za miguu. Binti yangu Ndanu alipoona picha alisema, "Men mamma, det är bara en bil." Yaani ni gari tu. Yuko katika umri wa kusema hivyo.

Treni

Tulitoka Stockholm Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimefunga chapati na ndengu, na Papa Bahati alikuwa na begi lililojaa spana, nyundo, tochi na kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari. Alivaa suti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mama Mueni, ukienda kununua kitu kwa mutu, mutu aone weye ni mutu."

Njiani tukapanga. Sheria ya kwanza, usisifu kitu. Mliokulia sokoni mnajua: ukitabasamu mbele ya mali, umeshaongeza bei mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuongea Kiswidi na kutengeneza uso wa mtu aliyelazimishwa kuja. Kazi ya Papa Bahati ilikuwa kuponda. Aliwahi kuniambia kwamba kule Bukavu aliponda pikipiki hadi mwenye nayo akaionea aibu akamwachia. Nilicheka, nikamwambia na hiyo pikapu aiponde hivyo hivyo. Mkumbuke ni mimi niliyemwambia.

Baada ya Gävle treni ikasimama msituni. Kondakta akatangaza kwamba treni iliyotutangulia imegonga paa mkubwa wa huku, yule mwenye pembe kama masepetu, na reli lazima isafishwe. Behewa zima lilivuta pumzi, likarudi kwenye simu zake. Mimi nilikuwa natazama dirishani mwanga ukipungua, maana huku mchana wa Desemba haukungoji, na basi la kutuchukua kutoka stesheni ya Kramfors hadi Sollefteå lilikuwa la mwisho kwa siku ile.

Papa Bahati alitoa chapati akamkaribisha mwanamke aliyekaa mbele yetu. Akakataa kwa upole. Akamkaribisha tena, kama inavyopasa. Akakataa tena, sasa na uso mwekundu. Mara ya tatu yule mama alichukua kipande kidogo kwa hofu, akala, halafu akauliza kama kuna kingine. Hicho ndicho kitu pekee kilichonichekesha siku hiyo.

Kramfors tulifika basi likiwa limekwenda.

Kramfors hadi kwa Bengt

Nilimpigia Bengt kwa aibu. Nikamweleza kwamba tumekwama stesheni, na hatujui hoteli. Kwenye simu nikasikia kitu kama mtu anayevuta hewa kwa ghafla, fyuu, kama amechomwa na sindano. Nikasema, "Halo? Uko sawa?" Akavuta tena. Kisha simu ikakatika.

"Amekataa?" Papa Bahati aliuliza.

"Sijui. Amevuta pumzi tu."

"Iko na ugonjwa?"

Tulisimama tukikanyaga miguu ili isigande. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hasara, hadi pikapu ikaingia uwanjani, pana, ya kijani iliyopauka, na waya wa umeme ukining'inia mdomoni mwake kama unyasi kwenye mdomo wa ng'ombe. Alikuwa Bengt. Ndipo nilipojua kwamba watu wa kule wakikubali jambo hawasemi "ja" wala nini. Wanavuta hewa ndani, na hiyo ndiyo "ndiyo" yao.

Waya nao ni wa kupashia injini joto. Usiku gari linachomekwa ukutani, la sivyo asubuhi mafuta ya injini yamekuwa uji.

Bengt alikuwa mrefu, mnyoofu, na maneno yake yalitoka moja moja. Nilimuuliza kama pikapu inavuta vizuri. Fyuu. Nikauliza kama inawaka kwenye baridi kali. Fyuu. Papa Bahati, aliyebanwa katikati na suti yake, aliniambia kwa Kiswahili kwamba mzee anaogopa kila swali la gari, lazima kuna maneno. Nikamweleza. Hakuniamini. Alitega sikio kwenye injini njia nzima na uso wake ukiwa umefungwa kama duka la Jumapili, na mimi ninayemjua niliona kwamba ameipenda ile injini kupita kiasi.

Tulilala kwao, kwa sababu hapakuwa na pengine. Mke wake, Gunilla, alitupikia mchuzi wa nyama ya msituni na viazi, na matunda mekundu ya uchachu pembeni. Papa Bahati aliweka pilipili yake ya chupa mezani. Bengt akajaribu, akatokwa na machozi, akavuta hewa ndani, na Papa Bahati akaniangalia: hiyo nayo ni ndiyo? Tulikula tukashiba. Hapo ndipo nilipoanza kuona ugumu. Umelala kwa mtu, umekula chakula chake, kesho utapondaje mali yake? Nilimnong'oneza Papa Bahati kwamba tupunguze. Akasema, "Chakula ni chakula, mama. Biashara ni biashara."

Uani kwa Bengt

Jumapili asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Bengt aliwasha pikapu, ikakohoa mara moja, ikatulia ikinguruma taratibu. Nilitaka kuikumbatia. Nikakunja uso.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Papa Bahati akainama, na suti yake juu ya boksi, akaingia chini na nyundo. Alipiga chasi toka mbele hadi nyuma. Ko, ko, ko. Sauti ngumu, safi, chuma kizima. Niliyasikia mapigo yale kama kengele za Pasaka. Akatoka, akajipangusa, akaanza kuponda kwa Kiswidi chake cha gereji. Injini imekufa, inangoja mazishi. Gia ni za kuchungia kuku. Jembe limepinda. Viti vinanuka mbwa. Rangi gani hii? Hata bure angefikiri mara mbili.

Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama tulivyopanga. Huko kwetu, hapo mwenye mali angepandisha sauti, angeapa kwa jina la mama yake, angetaja mtu mwingine anayeitaka, na baada ya nusu saa ya matusi mazuri tungekutana katikati na kushikana mikono.

Bengt alisikiliza hadi mwisho. Akazima injini. Akasema polepole, "Kama gari si zuri, basi msilinunue." Akaweka ufunguo mfukoni, akageuka, akaingia ndani.

Tulibaki uani tukitazamana.

"Anapandisha bei," Papa Bahati alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Hapandishi chochote, Papa. Amekuamini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee hakukasirika. Alimsikia fundi aliyevaa suti, aliyepiga nyundo chasi nzima, akisema gari halifai, na yeye hakutaka kuwauzia wageni wake gari lisilofaa. Nilitazama mbingu, zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya kijivu ya theluji. Nikamwona akilini Birgitta akinyanyua simu kumpigia mtu mwingine.

Nikaingia ndani bila kubisha. Bengt alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha kahawa. Nikaketi mbele yake nikamwambia yote. Kwamba kwetu mnunuzi huponda kitu anachokitaka, na akiponda sana ujue anakitaka sana. Kwamba pikapu yake ni nzuri kuliko zote tulizoziona. Kwamba nisipofika nayo Stockholm usiku huo, mimi na mwenzangu hatuna kazi.

Gunilla aliacha kuosha vyombo. Bengt aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo injini haijafa?"

"Hapana."

"Na jembe?"

"Jembe limenyooka kabisa."

"Basi kwa nini amesema limepinda?"

Nilijaribu tena kueleza. Gunilla akacheka, akasema kitu kwa lafudhi yao ambacho sikukidaka, na Bengt akavuta hewa ndani. Dakika chache baadaye tulikuwa tumeshikana mikono, na bei ilikuwa ile ile aliyoitaja mwanzo. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na sisi tulikuwa tumetoka mbali kuja kusumbua kizuri cha watu.

Lakini Papa Bahati hajui kuondoka kwa mtu bila nyongeza. Kwao Bukavu wanaiita matabishi: mkishapatana, mnunuzi anaongezewa kidogo, ili moyo utulie. Aliomba mnyororo wa kuvutia, akapewa. Akaomba tairi la akiba la trela, akapewa. Akaomba galoni la mafuta ya injini, nalo akapewa, ingawa Bengt sasa alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama ndege wa ajabu. Trela ikafungwa, trekta ikakazwa mikanda. Nilikuwa nimeshapanda kwenye usukani. Ndipo Papa Bahati akaingia tena chini, upande wa nyuma, akakaa huko, akatoka na kidole chake kimelowa.

"Paipu ya breki," alisema kwa Kiswidi. "Nyuma ya tangi. Mbaya."

Bengt akasimama na mikono mfukoni. "Kwanza injini imekufa," alisema. "Halafu gia. Halafu jembe. Sasa breki. Gari lilikaguliwa vuli hii, likapita." Akatazama pembeni.

Nami niliona jua lilivyo chini. Nikasema kwa Kiswahili, "Papa, tumeshapewa mnyororo, tumepewa tairi. Inatosha. Panda twende."

"Mama, hii si ya matabishi."

"Panda, Papa."

Alinitazama kidogo, kisha akapanda.

Mteremko

Mtu aliyewahi kuendesha basi anajua uzito ukiwa nyuma yake. Trela ile na trekta yake ilikuwa nzito, lakini pikapu iliivuta kama haijui. Nilifurahi, nikaanza hata kuimba. Papa Bahati hakuitika. Alikaa macho mbele, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya hendibreki. Nikadhani amenuna kwa sababu nilimkatiza mbele ya watu. Nikasema moyoni, hasira zitamwisha tu.

Barabara ya kuelekea Kramfors inafuata mto, inapanda na kushuka. Lami ilikuwa imefunikwa na theluji iliyoshindiliwa ikawa nyeupe na ngumu, yenye mchanga juu. Tulipanda kilima kirefu, tukafika juu, na mbele yetu barabara ikashuka moja kwa moja, kisha ikakata kona kushoto, na baada ya kona hakuna kitu, mto tu.

Niligusa breki. Zikashika. Nikagusa tena kwa nguvu zaidi, maana trela ilianza kusukuma. Nikasikia kitu kidogo, kama mtu amekanyaga kijiti, na pedali ikashuka hadi sakafuni.

Nitawaambia ukweli: nilimwita mama yangu, na mama yangu alishafariki.

"Usikanyage!" Papa Bahati alisema. "Mama, attention, usikanyage. Gia."

Nikatoa mguu. Nikaingiza gia ya tatu, injini ikapiga kelele, pikapu ikavutwa nyuma kidogo. Trela za aina ile zina breki zake zenyewe: ikisukuma gari la mbele, zinajibana. Nikazisikia zikijibana, na mkia wote ukatikisika kushoto na kulia. Nikashika usukani bila kuukaza. Gia ya pili. Nilidhani injini itapasuka. Papa Bahati alikuwa anavuta hendibreki jino moja moja, akiiachia, akiivuta tena, na kila jino akisema, "Polepole. Polepole. Voilà. Polepole," kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

Kutoka chini lori la magogo likatokea kwenye kona, taa zake zote zikiwaka, likipanda kuja kwetu, na barabara ilikuwa nyembamba kati ya kuta mbili za theluji. Nikabana kulia hadi jembe likachana ule ukuta, theluji ikaruka juu ya kioo, sikuona kitu. Lori likapita. Kioo kiliposafika, kona ilikuwa hapo hapo.

Kabla tu ya kona, upande wa kulia, kulikuwa na njia ya shamba inayopanda kwenda kwa mtu. Sikufikiri. Nilikata usukani, pikapu ikaingia, trela ikaja nyuma yake ikipinda, ikanyooka, kilima kikatushika, tukapunguza mwendo, tukasimama. Papa Bahati akavuta hendibreki hadi mwisho kwa mikono miwili.

Papa Bahati alishuka, akaweka mawe nyuma ya matairi yote, ya pikapu na ya trela, akarudi akakaa. Hakusema "nilikuambia." Nilingoja aseme, na ningependa aseme, lakini alinipa chapati ya jana na akaangalia dirishani hadi nikamaliza kulia.

Kwenye njia ya shamba

Nilimpigia Bengt simu, akaja na gari dogo la mke wake. Alileta koili ya paipu mpya ya shaba, chupa za mafuta ya breki, taa na kifaa cha kukunjia ncha za paipu. Ilikuwa alasiri, na giza tayari. Hakusalimia. Alilala kwenye theluji bila boksi, na magoti yake yale, akaangaza taa nyuma ya tangi, akakaa huko chini muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

Alipotoka alisimama mbele ya Papa Bahati.

"Ulisema," alimwambia.

Papa Bahati akajibu kwa Kiswidi chake kile kile, bila kuponda chochote. "Nilisema. Lakini nilikuwa nimeshasema mengi."

Wakatazamana wazee hao wawili, mmoja na ovaroli, mwingine na suti iliyojaa matope. Sikuweza kuingilia, na sikuwa na haki ya kuingilia. Mmoja alikuwa amesema kweli akiwa ameshaitumia sauti yake yote kwenye uongo. Mwingine alikuwa ameamini uongo wote, akakataa kweli moja. Na mimi niliyezijua lugha zote mbili, na desturi zote mbili, ndiye niliyesema panda twende.

Waliingia chini pamoja. Nilishika taa. Sikusikia tena kupondana, nilisikia tu "hapa," na "shika," na pumzi za Bengt zikivutwa ndani. Waling'oa paipu nzima ya zamani, si kile kipande kilichopasuka tu, wakafunga mpya hadi mwisho. Kisha nikakaa kwenye usukani nikikanyaga na kuachia pedali kila nilipoambiwa, hadi hewa ikatoka yote na pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu.

Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, nyembamba, kama unga unaochekechwa. Bengt akanijia dirishani. Aliniambia kwamba kama nimeogopa, nisione aibu. Atageuza gari, tutarudi kwake, atanirudishia kila kitu na biashara itakuwa haikufanyika. Alisema hivyo kwa sauti nzito, na nilijua anamaanisha.

Niliogopa kweli. Mwili wangu wote ulitaka kurudi kwenye jiko la Gunilla. Nikamwita Papa Bahati.

"Papa, usiniambie kama mnunuzi. Niambie kama mtu anayepanda ndani. Twende au tusiende?"

Aliingia tena chini na kupitisha mkono kwenye kila paipu, mbele hadi nyuma, kisha akatoka akazunguka trela akivuta kila mkanda. Alikuja akafungua mlango wa upande wake, akapanda, akafunga mkanda wake wa kiti.

"Iko muzuri, mama," alisema. "Twende."

Barabara ya kusini

Sehemu hii ni ndefu na ndiyo niliyoogopa zaidi, lakini haina mengi ya kusimulia. Kila mteremko uliofuata niliushuka na gia ya pili toka juu, nikikanyaga breki kidogo kidogo hata mahali pasipohitajika, na kila zikishika nilisema asante kwa sauti. Theluji ilitufuata. Härnösand ilikuwa nyuma yetu, Sundsvall ilikuwa mbele yetu. Kila tulipopita taa za mji niliwaza: huku kukiwa hivi, Vårby gård kukoje?

Kituo kimoja cha mafuta tulikula soseji na viazi vya kupondwa tukiwa tumesimama. Papa Bahati alimimina pilipili hadi yule binti wa kaunta akauliza kama yuko sawa. Karibu na Gävle Papa Bahati alisema, "Mi tangu leo, nikiona breki, nitaanza na breki. Ya rangi nitasema mwisho." Nikamwambia hata ya rangi aache. Akasema hiyo hapana, hiyo hawezi.

Ndanu alituma ujumbe kuuliza tumefika wapi. Kisha akatuma tena. Na tena. Yule aliyesema ni gari tu hakulala.

Vårby gård

Tulipotoka barabara kuu, theluji ilikuwa imefika juu ya vifundo, na bado inadondoka. Hatukwenda nyumbani. Papa Bahati aliteremsha trekta ndogo, mimi nikashusha jembe la pikapu, tukaanza na milango.

Nataka mjue ile pikapu ilivyofanya. Iliisukuma theluji ya maegesho kama mama anayefagia unga mezani. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila nilipokanyaga breki ilisimama. Papa Bahati alikuwa kwenye njia za miguu, na pale trekta isipofika alishuka na beleshi, na suti yake ile ile. Mikono iliuma, macho yalichoma, na moyo haukutulia hata kidogo, kwa sababu madirisha yalikuwa yameanza kuwaka moja baada ya jingine, na bado kulikuwa na mlango mmoja wa mwisho, ule ulio kwenye mteremko unaoelekea kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Nilifika hapo na jembe, nikapita mara moja, nikarudi nikapita tena. Papa Bahati akaja nyuma akimwaga mchanga kwa mkono. Birgitta alikuwa amesimama kwenye balkoni yake na koti juu ya nguo za kulalia, sijui tangu lini, akitutazama. Hakupunga mkono.

Mlango ukafunguka. Akatoka mtu wa kwanza wa asubuhi ile, mwanamke wa makamo, amevaa sare ya kazi ya kuhudumia wazee chini ya koti, begi begani, simu sikioni, akibishana na mtu kwa Kiswidi kuhusu zamu. Alishuka ule mteremko kwa haraka ya mtu anayewahi treni. Alipita mbele ya pikapu, akapita karibu na Papa Bahati aliyejitoa pembeni, akakata kona ya kituo, akapotea.

Hata mara moja hakutazama chini alipokuwa anakanyaga. Nilizima injini, nikaweka kichwa juu ya usukani, nikalia kama mtoto.